Si kila mkwaruzo wa gari huondolewa kwa mashine

UKIPITA katika maegesho ya magari jijini Nairobi saa saba mchana, jua likiwa kali utosini, utaona jambo ambalo alfajiri halikuonekana. Gari jeusi ambalo mwenyewe alitoka nalo nyumbani likimeremeta sasa limejaa mistari myembamba iliyojiviringa mithili ya utando wa buibui. Aghalabu mistari hiyo haitokani na ajali wala utundu wa mtoto mwenye msumari. Hutokana na kuoshwa. Kitambaa kilichopangusa matope ya matatu hutumbukizwa katika ndoo ileile, kisha kikapitishwa juu ya boneti ya gari linalofuata kikiwa kimebeba chembe za mchanga.

Siku hizi mashine za kung'arishia rangi zimekuwa rahisi kupatikana, na wenye magari wengi wameanza kuifanya kazi hii wenyewe Jumamosi asubuhi. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, wengi huianza wakiamini kwamba dawa inayopakwa kwenye sponji huingia ndani ya mkwaruzo na kuuziba. Sivyo. Mashine haijazi kitu. Dawa hiyo, ambayo mafundi huiita kompaundi, ina chembe ndogo mno zenye ukali wa msasa, nazo huisugua rangi iliyo kandokando ya mkwaruzo hadi uso wote ukashuka na kulingana na kina chake. Kwa maneno mengine, mkwaruzo hauondoki. Ni rangi inayoondoka.

Ndiposa kuna haja ya kujua unacho kiasi gani cha kuondoa. Magari mengi ya kisasa yana matabaka matatu juu ya bati: praima inayoshikana na chuma, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Tabaka hilo la juu ndilo linalong'aa, na ndilo linaloikinga rangi dhidi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Ushauri unaotolewa mara nyingi katika taaluma hii ni kwamba usiondoe zaidi ya takriban mikroni 8 katika maisha yote ya gari. Ukizidisha, klia hudhoofika, na baada ya miaka michache ya jua letu la Ikweta huanza kubanduka kama ngozi ya nyoka.

Namna rahisi ya kupima kina cha mkwaruzo ni kuukwangua polepole kwa ukucha, kukingama na mstari wake. Ukucha ukiteleza bila kunasa, mashine itausaidia. Ukinasa, huenda ukapungua ukali, lakini usijaribu kuumaliza. Aidha, unaweza kupaka maji juu yake: ukitoweka kwa muda, basi uko ndani ya klia tu. Ukiona weupe au kijivu cha praima, au mng'ao wa bati, hakuna sponji itakayokufaa. Kwa upande mwingine, alama nyingi za rangi ngeni, zile zinazoachwa na usukani wa bodaboda iliyojipenyeza kwenye msongamano, si mikwaruzo hata kidogo. Ni rangi iliyogandia juu, nayo hutoka kwa kitambaa na kompaundi kidogo ya mkono.

Kwa mnunuzi wa Kenya pana tatizo la ziada. Gari linaloteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani huruhusiwa likiwa na umri usiozidi miaka minane. Katika miaka hiyo huenda lilishang'arishwa mara kadhaa, na pengine tena katika yadi kabla hujaliona. Hujui klia imebaki kiasi gani. Kipo kifaa cha kupimia unene wa rangi juu ya bati, nacho huonyesha kwa mikroni jumla ya matabaka yote. Gari la kiwandani aghalabu huwa kati ya 100 na 180. Sehemu ikizidi 200, yamkini ilipulizwa upya. Kifaa hiki hakikuambii unene wa klia peke yake, lakini pembe ikisoma chini sana kuliko sehemu nyingine, iache.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Miaka kadhaa iliyopita niliazima mashine kwa jirani, nikaliandama boneti la gari langu la kijivu kwa bidii ya mtu aliyesoma maelezo upesi upesi. Nilipofika kwenye mkunjo wa boneti, pale ambapo bati huinuka kama ubavu, nilisita kidogo ili niumalize mstari mmoja mkaidi. Nilipoinua sponji, weupe wa praima ulinitazama, mpana kama sarafu ya shilingi kumi. Gharama ya kupulizwa boneti zima ilizidi bei ya mashine. Kingo na mikunjo huwa na rangi nyembamba zaidi, na uzito wote wa mashine huangukia hapo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ile mashine. Zipo za aina mbili kuu. Moja huzunguka katika mhimili mmoja, kama keekee. Hukata upesi na kutoa joto jingi, na mikononi mwa mgeni huchoma rangi au kuacha alama za kimbunga. Nyingine hujizungusha huku ikipepesuka katika duara dogo, kama dunia inavyojizungusha huku ikilizunguka jua. Hii ya pili ndiyo ya mwanafunzi. Ukiikandamiza kupita kiasi, huacha kujizungusha, na madhara yake hupungua. Chora mstari kwa kalamu ubavuni mwa kisahani chake ili uone kama kinazunguka. Ama kuhusu wanaofunga sponji kwenye grainda ya kukatia vyuma, ile hukimbia mizunguko ipatayo 11,000 kwa dakika. Hiyo si kung'arisha.

Anza gari likiwa safi na baridi, kivulini. Lioshe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kisha upitishe udongo maalumu wa kunata, unaofanana na plastisini ya watoto, ili kuondoa lami na vumbi la chuma vilivyong'ang'ania. Funika kingo, mipira na plastiki kwa utepe wa karatasi. Waya wa stima upitishe begani usikwaruze mlango. Vaa miwani na barakoa.

Kisha chagua eneo la majaribio lisilozidi sentimita 50 kwa 50. Tumia sponji laini na dawa hafifu kwanza. Ukali uongezwe tu endapo ulaini umeshindwa. Wengi hufanya kinyume. Tia matone matatu au manne, yasambaze kwa mwendo wa chini, kisha ongeza kasi na usukume mashine polepole, kama sentimita tatu kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Pita mara nne hadi sita, kwa urefu kisha kwa upana. Sponji ilale bapa, na mkono uigusie tu. Gusa bati mara kwa mara: likiwa vuguvugu ni sawa, likikuchoma umechelewa.

Panguza kwa kitambaa cha mikrofaiba na umulike kwa tochi kutoka pembeni. Dawa nyingi zina mafuta yanayoficha mistari kwa siku chache, kwa hiyo pangusa kwanza kwa spiriti iliyochanganywa na maji ndipo uamue. Wenye magari ya zamani kama Peugeot 504 wasishtuke sponji ikigeuka rangi ya gari. Mengi yalipakwa rangi isiyo na klia juu. Kwa magari mengine, rangi ikitokea kwenye sponji, zima mashine papo hapo.

Ukiridhika, paka nta, maana uso uliosuguliwa hauna kinga.

Mikwaruzo iliyofika kwenye bati huzibwa kwa rangi ya chupa ndogo, ikitiwa kwa ncha ya kijiti na kuachwa ikauke kabla ya kuongezwa nyingine. Usiicheleweshe msimu wa mvua ukikaribia. Nambari ya rangi iko kwenye kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota itafute palipoandikwa C/TR, na herufi au tarakimu za mwanzo ndizo za rangi ya nje. Nenda dukani na nambari hiyo badala ya kusema tu kwamba gari lako ni la kijivu. Vijivu ni vingi.