Fahamu: Penisilini, dawa ya zamani inayokinga moyo wa mtoto
Tukisikia tiba mpya za moyo, tunafikiria dawa za bei kali. Hata hivyo, ushahidi mzito kuhusu watoto umetoka kaskazini mwa Uganda, na dawa yenyewe ni penisilini. Maambukizi ya koo yasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo kimyakimya. Utafiti uliochapishwa 2021 uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 waliogunduliwa mapema kuwa na ugonjwa huo wa moyo kwa kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti): kati ya waliodungwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 tu ya watoto; kati ya wasiodungwa, asilimia 8.2. Mtu atauliza, kwa nini kuwaumiza wengi ambao wangesalimika? Hoja ina uzito, sindano hiyo inauma kwelikweli. Ila vali ikishaharibika sana, kinachobaki ni upasuaji, na hospitali zinazoufanya Afrika Mashariki ni za kuhesabika.