Altrasaundi katika Mimba za Hatari

Mimba huhesabiwa kuwa ya hatari mama anapokuwa na presha, kisukari au selimundu, anapobeba pacha, au akiwa amewahi kupoteza mtoto tumboni. Kwa mama wa namna hii anayehudhuria kliniki katika Hospitali ya Kiislamu ya Kibuli, Kampala, altrasaundi ina kazi kubwa kuliko kuonyesha jinsia ya mtoto.

Kinachotangulia ni umri wa mimba. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hupimwa kutoka utosini hadi matakoni, na umri unaopatikana hukosea kwa wiki moja hivi tu. Katika miezi ya mwisho kosa laweza kufika wiki tatu. Akina mama wengi wa Uganda huanza kliniki wakiwa wamechelewa, na hasara yake ni kubwa: mtoto aliyedumaa wa wiki 34 huweza kulingana kwa ukubwa na mtoto mzima wa wiki 31, wala hakuna wa kuwatofautisha bila kipimo cha mapema. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki 24.

Utabiri wa hatari inayomkabili mtoto uko katika mwendo wa damu. Christian Doppler alieleza mwaka 1842 kwamba mawimbi hubadilika yatokapo kwenye kitu kinachotembea. Mwaka 1977 watafiti wa Dublin waliitumia kanuni hiyo kuchunguza damu ya kitovu. Kondo la nyuma likiwa na afya, damu husonga mbele hata moyo wa mtoto unapotulia kati ya pigo na pigo. Presha ya mama ikiliharibu kondo, mwendo huo wa katikati hupungua, halafu hukoma, na mwishowe damu hurudi nyuma. Damu ikirudi nyuma, mtoto yuko katika hatari kubwa ya kufa. Kabla ya hapo huwa ameshaanza kujitetea kwa kutanua mishipa ya ubongo wake, na hilo pia mashine huliona. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja, mengi yakiwa ya nchi tajiri, yalionyesha kwamba kupima mwendo wa damu ya kitovu katika mimba za hatari hupunguza vifo vya watoto kwa karibu asilimia 29. Kwa mimba zisizo na hatari, faida hiyo haikuonekana.

Altrasaundi huonyesha mengine pia. Shingo ya kizazi iliyo fupi kuliko milimita 25 kabla ya wiki 24 huashiria kuzaa njiti, na homoni ya projesteroni husaidia. Kondo lililoziba njia ya uzazi, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa, hudai operesheni mahali penye damu ya kuongezewa.

Damu ya kitovu ikikoma kati ya pigo na pigo kabla ya wiki 34, mama hudungwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na kupelekwa penye wodi ya njiti. Anayeishi Kibuli ana hospitali ya rufaa ya Mulago katika jiji hilohilo. Wa vijijini huenda akasafiri siku nzima, naye ndiye anayehitaji zaidi jibu lije mapema.