Lugha Nzuri Wodini Haiji Yenyewe

Mgonjwa wa kijijini Usukumani ana milango miwili ya kubisha hodi: wa mganga wa jadi, na wa zahanati au hospitali. Kwa mganga hupewa kigoda, akaulizwa habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, ndipo wafike kwenye maradhi. Hospitalini mara nyingi huanzia dirishani, na sauti ya ndani humuuliza kadi iko wapi. Tukishangaa kwa nini mama amefika akiwa na uchungu wa siku ya pili, tuanze kulitazama dirisha hilo. Mwanamke aliyefokewa leba uzazi wa kwanza hana haraka ya kurudi uzazi wa pili, na atawasimulia shoga zake wote kisimani.

Ndiyo maana nauhesabu ukarimu wa watumishi kuwa sehemu ya tiba, sawa na dawa na vipimo. Mgonjwa anayeogopa hasemi yote. Ataficha kwamba alikunywa dawa za mitishamba, ataficha kwamba mimba si ya mumewe, na tabibu ataandika dawa kwa kukisia.

Chukua bibi wa Kishapu asiyejua Kiswahili sawasawa, mbele ya muuguzi kijana aliyepangiwa kazi kutoka Mbeya au Kilimanjaro. Muuguzi akimwambia “Mwangaluka, mayu,” bibi huyo hufunguka. Kinachofuata kinaweza kuhitaji mkalimani, lakini tayari ameshajua kwamba anaonekana kuwa mtu. Salamu hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji mtu wa kumfundisha muuguzi mgeni wiki ya kwanza kazini, na hospitali ndogo ina nafasi nzuri ya kufanya hivyo, kwa sababu mhudumu wa wodi na mlinzi wa getini ni wenyeji.

Mafunzo ya namna hiyo huanzia chuoni. Hospitali ya Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilianzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa Africa Inland Mission, na leo iko chini ya Kanisa la AICT. Ile ya Sengerema iko chini ya Jimbo Katoliki la Geita. Zote mbili zina vyuo vya afya pembeni yake, na hilo naliona kubwa kuliko linavyosemwa. Namna ya kumshika mkono mama anayejifungua haifundishiki ubaoni. Mwanafunzi huiiga kwa mkunga mzoefu, kama anavyoweza kuiga ukali wa mkunga mkali.

Huku machimboni Geita mambo yana sura nyingine. Kijana anayeshuka duarani, yaani shimoni, au kushinda penye makarasha ya kusaga mawe huvuta vumbi la mwamba kutwa nzima. Kikohozi kikimwanza husema ni vumbi tu. Vumbi hilo hudhuru mapafu na kuyafanya yawe rahisi kushikwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Miezi 6 kwa mchimbaji ni muda mrefu mno. Ikisikika kwamba dhahabu imetoka kwingine, anahama usiku huo huo. Muuguzi aliyemfokea hatamwona tena. Yule aliyemuuliza anakaa kambi gani, akachukua namba yake na ya rafiki yake, akamwambia “mdogo wangu, ukihama nipigie nikuandikie barua ya uhamisho,” ana nafasi ya kumfikisha mwisho wa dozi. Hapo upole ndio unaozuia kambi nzima isiambukizwe.

Lakini tusiwageuze wauguzi kuwa malaika. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye akina mama watatu leba, glovu zimekwisha na nyumba yake ya kupanga iko mbali, atakuwa mkali hata kama alizaliwa mpole. Serikali iliyaona yote mawili, ukarimu na mazingira ya kazi. Tathmini ya nyota ya vituo vya msingi iliyoanza 2015 iliweka kumjali mteja miongoni mwa vipengele vya kupimwa, na takriban theluthi moja ya vituo nchini vilipata nyota sifuri katika awamu ya kwanza. Mwaka huo huo wilaya ya Kishapu ilijaribu mpango wa malipo kwa ufanisi, ambapo kituo kilipata fedha kulingana na kazi iliyohakikiwa; sehemu ilikiboresha kituo, sehemu ikawa motisha kwa watumishi. Wazo lilikuwa sahihi: mtumishi anayehudumia vizuri apate sababu ya kuendelea, na awe na vifaa vya kufanyia.

Ukanda huu wa dhahabu una fedha nyingine. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, makampuni ya migodi hutakiwa kuandaa pamoja na halmashauri mpango wa kuihudumia jamii, na Geita imeshapokea miradi ya mabilioni ya shilingi kwa njia hiyo. Majengo ya zahanati yameongezeka, na ni jambo jema. Madiwani wa Geita, Kahama na Msalala, mkikaa tena kupanga fedha hizo, tangulizeni nyumba za watumishi jirani na wodi, na mkunga wa pili zamu ya usiku. Nasi wananchi tuna wawakilishi wetu kwenye kamati za vituo: muuguzi aliyekupokea vizuri mtaje kwa jina mbele yao, ili mganga mfawidhi ajue wa kumpa wauguzi wageni awafundishe.