Kutembea Bila Kushindana

Mtu akifika asubuhi katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, siku ya matembezi ya chama, hataona mstari wa kuanzia wala mwamuzi aliyeshika saa. Atakuta meza, na nyuma yake karani agawaye kadi. Kila mmoja huondoka wakati apendao, mradi usipite muda uliowekwa. Njia imetiwa alama kwenye miti na pembe za nyumba, na mara nyingi ni ya kilomita 5 au 10, au hata 20 kwa wenye kutaka. Njiani kuna vituo ambako kadi hupigwa mhuri, na mwishoni mhuri mwingine hupigwa katika kijitabu cha mtembeaji. Kijitabu hicho huhesabu siku alizoshiriki na kilomita alizokwenda. Dakika alizotumia hazina mahali pa kuandikwa.

Mtindo huu ulienea Ulaya ya kati katika miaka ya 1960, pale wapenzi wa michezo walipochoshwa na riadha iliyokuwa ya wateule wachache. Mwaka 1968, mjini Lindau kando ya ziwa Bodensee, vyama vya Ujerumani Magharibi, Austria, Uswisi na Liechtenstein viliunda shirikisho la kimataifa, lijulikanalo kwa kifupi kuwa IVV. Mwaka 1976 mtindo ulianzishwa Marekani, katika mji wa Fredericksburg, Texas, ambao wenyewe uliasisiwa na wahamiaji wa Kijerumani mwaka 1846.

Mwalimu wa michezo anaweza kuuliza: je, mwendo usio na mshindi waweza kumjenga mtu mwili, au ni maongezi tu yenye miguu? Swali ni la haki, na jibu lake laanzia katika fizikia.

Mwanadamu atembeapo, mguu uliokanyaga chini hufanya kazi kama penduli iliyopinduliwa: kiwiliwili hupanda juu ya mguu ulionyooka, kisha hushuka upande wa mbele. Kinapopanda, mwendo hupungua na nishati huhifadhiwa katika kimo; kinaposhuka, nishati hiyo hurudi kuwa nishati ya mwendo. Kwa njia hii yapata thuluthi mbili ya nishati iwezayo kupotea katika kila hatua huokolewa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapa uchunguzi wa wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo nchini Kenya, wa kwanza wakibeba mzigo kwa mkanda wa kichwani, wa pili wakiutweka utosini. Mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao haukuwaongezea matumizi ya nishati. Baadaye ilidhihirika kuwa penduli yao ilifanya kazi vizuri zaidi walipokuwa wamejitwika. Walimu wa fizikia wangefaa kuutaja mfano huu mara nyingi zaidi kuliko wanavyoutaja.

Penduli hii ina mpaka wake. Ili mguu usiache ardhi, mraba wa mwendo hauna budi kuwa mdogo kuliko zao la urefu wa mguu na mchapuko wa mvutano wa dunia. Kwa mguu wa mita 0.9, mpaka huo ni karibu mita 3 kwa sekunde. Kwa mtoto mwenye mguu wa mita 0.6 ni mita 2.4 tu. Kwa kweli watu wazima huanza kukimbia mapema zaidi, penye mita 2 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 7 kwa saa. Hii ndiyo sababu mtoto aliyeshikwa mkono na baba mwenye haraka hulazimika kukimbia ilhali baba anatembea.

Mwendo wenye gharama ndogo kwa kila kilomita ni kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Jambo linalovihusu sana vyama vya watembeaji ni hili: karibu na mwendo huo, mchirizo wa gharama ni kama bonde pana, si kama shimo. Mwenye miguu mirefu akipunguza kidogo ili kumsubiri mwenzake, hupoteza nishati kidogo mno. Katika mbio, kumsubiri mwenzako ni kushindwa. Katika kutembea, maumbile yenyewe yamekwisha kutoa ruhusa.

Je, moyo hufaidika kwa mwendo mpole namna hiyo? Wanafiziolojia wana kipimo kisichohitaji chombo: mtu awezaye kuzungumza lakini hawezi kuimba yumo katika kiwango cha kati cha mazoezi. Anayetamka maneno mawili na kuhema amekwisha kukipita; misuli yake inatoa kabonidayoksaidi kwa wingi, na mapafu hayana nafasi ya kugawa pumzi kati ya kazi na maneno. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kiwango cha kati kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na kijana dakika 60 kwa siku, kwa wastani. Basi wawili wanaotembea kwa hatua za haraka na kusimuliana habari wanapimana bila kujua. Mazungumzo yakikatika, mwendo umezidi. Wakianza kuimba, na wachapuze mguu.

Kuhusu ushahidi, tahadhari yahitajika. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitako. Lakini mwaka 1956 yeye na wenzake walichunguza vipimo vya sare, wakaona kwamba madereva walikuwa na viuno vipana tangu siku za mwanzo za kazi. Huenda basi kazi ilichagua watu kabla ya kuwabadili. Vivyo hivyo, ajiungaye na chama cha watembeaji huenda tayari ni mzima kuliko jirani yake aliyebaki nyumbani.

Njia mojawapo ya kupunguza shaka hiyo ni kuwapima watu walewale kabla na baada. Watafiti wawili wa Uingereza, Hanson na Jones, walikusanya mwaka 2015 uchunguzi 42 wa vikundi vya kutembea, wenye washiriki 1,843. Shinikizo la damu la juu lilishuka kwa karibu milimita 4 za zebaki, mapigo ya moyo wakati wa kupumzika yalipungua kwa karibu 3 kwa dakika, na dalili za sononeko zilipungua. Madhara yaliyoripotiwa yalikuwa machache. Mabadiliko haya si makubwa kwa mtu mmoja. Uzito wake ni kwamba takriban robo tatu ya washiriki waliendelea na matembezi, na dawa yoyote haina nguvu isipomezwa. Mtu huona haya kumwacha mwenzake akisubiri njia panda saa kumi na mbili asubuhi. Haya hiyo humtoa kitandani pale ambapo hofu ya maradhi imeshindwa.

Ushindani una mahali pake, na shule isiyo na mbio ingekuwa shule pungufu. Ila katika shule nyingi mwanafunzi asiyeteuliwa kwenye timu hugeuka mtazamaji akiwa na miaka 15, na wengi hawarudi tena uwanjani.

Darasa litakalotaka kuanzisha chama lahitaji kamba ya mita 10 ya kupimia njia, daftari la mhuri, na saa moja ya mkono. Saa hiyo isitumiwe katika safari. Itumiwe siku ya kwanza, kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo wake kwa dakika nzima akiwa ameketi kitako, na tena baada ya majuma 12, saa ileile ya siku. Wanafunzi waliobaki bila kutembea wapimwe pia.