Jiwe la Tabaka na Ndege wa Amani

Wasomaji wengi wamepata kuona vinyago vya mawe laini vinavyouzwa madukani Nairobi na Mombasa: viboko, bakuli, vinara vya mishumaa na sanamu za watu waliokumbatiana. Lakini si wote wajuao ya kuwa vingi vya vitu hivyo hutoka Tabaka, katika Mugirango Kusini, nchi ya Kisii.

Jiwe lenyewe huitwa jiwe la sabuni, si kwa kuwa lina sabuni ndani yake, bali kwa kuwa huteleza mkononi. Liko jeupe, la kijivu, la manjano na la rangi ya waridi. Wachimbaji hulitoa ardhini kwa sururu na mitaimbo. Mchongaji hulikata kwa msumeno, hulichonga kwa panga na kisu, kisha hulisawazisha kwa tupa. Mwisho husuguliwa kwa msasa na maji, kazi ifanywayo zaidi na wanawake, ndipo hupakwa nta lipate kung'aa.

Ufundi huu si mgeni kwa Wagusii. Hapo kale walichonga mabao ya kuchezea, viko vya tumbaku na vyombo vya nyumbani, na kila kitu kilikuwa na kazi yake. Wageni walipoanza kununua, mchongaji naye alianza kutazama apendacho mnunuzi. Hilo si aibu, maana fedha hizo zimelipa ada za shule na kujenga nyumba. Hata hivyo iko hasara moja: mtu aweza kuchonga simba elfu kwa ajili ya wageni, asichonge hata jambo moja la wazee wake.

Bwana Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka wa mwaka 1944, ameonyesha njia nyingine. Alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kisha akaenda Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Elimu hiyo haikumfanya alidharau jiwe la kwao. Katika mapokeo ya Wagusii yuko ndege aitwaye enyamuchera, ahesabiwaye kuwa mjumbe wa amani. Bwana Ong'esa alimchonga ndege huyo, na tangu mwaka 1978 sanamu yake imekuwa Paris, Ufaransa, katika makao makuu ya UNESCO, yaani shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikalo na elimu, sayansi na utamaduni. Tena mwaka 2014 alichonga jiwe mbele ya umati wa watu mjini Washington, Marekani, katika tamasha la Smithsonian.

Yafaa tufahamu maana ya jambo hili. Kuchonga historia si kuiga chombo cha kale tu. Wazee waliacha wazo, naye fundi akalipa umbo ambalo hata mtu asiyejua neno moja la Ekegusii aweza kulitazama na kuuliza maana yake. Na historia ya Wagusii haikosi mambo ya namna hiyo. Yuko mtabiri Sakawa, yuko Moraa, yuko Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa Mwingereza Northcote mwezi wa Januari 1908. Kijana atakaye kuwachonga hana budi kwanza kukaa na wazee na kusikiliza, maana mzee akifariki habari zake haziwezi kuchimbwa tena kwa sururu.

Pamoja na hayo, mchongaji ailinde afya yake. Vumbi la jiwe hudhuru mapafu. Basi alilowanishe jiwe anapolisugua, ajifunge kitambaa puani na mdomoni, afanyie kazi mahali penye hewa, na watoto wakae mbali. Mchimbaji naye asichimbe chini ya ukingo mrefu, hasa wakati wa mvua, kwa maana udongo huporomoka bila kuonya.

Nawe mnunuzi, ukishika kinyago cha Tabaka, usiulize bei tu. Uliza pia kina maana gani, na ni nani aliyekichonga. Fundi aulizwaye hivyo atajua ya kuwa habari za wazee wake nazo zina thamani sokoni.