JE, WAJUA? Daktari Aliyeagiza Demokrasia

Mapema mwaka 1848, serikali ya Prussia ilimtuma daktari kijana, Rudolf Virchow, akachunguze homa ya tifasi iliyokuwa ikiua watu Upper Silesia. Alikuta njaa, vibanda vilivyosongamana watu, na wakulima wanaosema Kipolandi huku maofisa wakiwahudumia kwa Kijerumani. Ripoti yake haikuishia kwenye dawa. Alitaka watu wapewe demokrasia kamili, shule, barabara, kodi ya haki, na lugha yao itumike ofisini. Kwa daktari wa miaka 26 anayelipwa na serikali hiyohiyo, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Mwaka uliofuata siasa zake zilimponza kazini Berlin, akahamia Würzburg kufundisha. Huko ndiko alikokuza hoja yake kwamba kila seli hutokana na seli nyingine, msingi wa tiba ya leo.

Aliporudi Berlin alishika kisu cha kupasulia maiti na siasa kwa pamoja. Mwaka 1861 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Maendeleo. Mwaka 1865, Waziri Mkuu Otto von Bismarck, aliyechoshwa na upinzani wake kuhusu bajeti, alimtaka wapambane kwa silaha. Virchow alikataa.

Alipigania mabomba ya majitaka yaliyoanza kujengwa Berlin miaka ya 1870, na alikaa kwenye baraza la jiji hilo tangu 1859 hadi alipofariki mwaka 1902.