Bunduki ya upepo si injini ya Fuso

"Fundi, nitie mafuta gani ili ipige kwa nguvu zaidi?"

Tangu mvua za vuli zianze nimeulizwa swali hili mara nne. Kijana wa Kihonda alikuja na mafuta ya taa kwenye kichupa. Mwingine alisifu mafuta ya breki. Wa tatu alipendekeza mafuta ya nazi, eti hayali chuma. Wa nne, mzee aliyeshuka kutoka Kinole na bunduki aliyoirithi kwa kaka yake, alikuwa ameambiwa na watu wa kijiweni kwamba dawa ni petroli. Nawajibu wote hapa kwa pamoja: msitie chochote. Mafuta ya kuongeza nguvu hayapo, na anayekushauri uyatie anakuulia bunduki.

Nazungumzia bunduki ya springi, ile unayokunja mtutu mpaka springi inase, unaweka kijirisasi, unafyatua.

Chimbuko la imani hii nalijua. Mtu anadondosha matone mawili matatu kwenye tundu la silinda. Akifyatua, mlio unakuwa kama wa fataki, moshi unatoka mdomoni mwa mtutu, na kijirisasi kinatoboa debe ambalo jana kilikuwa kinalibonyeza tu. Ameona kwa macho yake, utamwambia nini? Sibishi alichokiona. Kijirisasi kile kimoja kilikwenda kasi kweli. Nabisha maana aliyoipa.

Pistoni inaposukumwa na springi inabana hewa ghafla, na hewa ikibanwa ghafla hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi ncha ya pampu inavyochoma vidole. Ndani ya silinda joto hilo linatosha kuwasha mvuke wa mafuta. Ndivyo Fuso la kubeba mkaa linavyotembea: injini ya dizeli haina plagi, mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lakini Fuso lina pampu inayopima mafuta kila mzunguko, lina oili inayozunguka, lina njia ya kutolea moshi, na injini yake imetengenezwa kwa chuma kinene ili kuhimili mlipuko. Bunduki yako haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina springi, ina pistoni, ina sili ya ngozi au ya plastiki, basi.

Katika bunduki iliyo salama pistoni haigongi mwisho wa silinda. Inatua juu ya mto mwembamba wa hewa iliyobanwa, na mto huo ndio unaoitunza. Mafuta yakilipuka mbele yake, pistoni inarudishwa nyuma kwa kishindo dhidi ya springi ambayo bado inanyooka. Kisha inasukumwa mbele tena, na safari hii kijirisasi kimeshatoka na hewa imekifuata. Mto haupo. Chuma kinagonga chuma. Nikifungua bunduki ya namna hiyo nakuta yaleyale: springi vipande viwili, sili imeungua kama utambi, ukuta wa silinda umejaa mikwaruzo. Wenyewe huniambia springi ilikatika tu yenyewe. Haikukatika yenyewe.

Tuseme chuma chako hakivunjiki. Shabaha je? Matone hayawaki sawasawa. Mlio wa kwanza yanawaka mengi, wa pili nusu yake, wa tatu ni harufu tu. Piga hesabu. Kijirisasi kinachokwenda mita 200 kwa sekunde, tukiacha kwanza upinzani wa hewa, kinafika umbali wa mita 20 baada ya sekunde 0.1, kikiwa kimeshuka karibu sentimita 5. Kikienda mita 240 kwa sekunde, kinashuka sentimita 3.4. Tofauti ni sentimita moja na nusu, yaani nusu ya kizibo cha soda, na mkono wako haukutikisika hata kidogo. Unajilaumu. Unakaza darubini, unalegeza, mwishowe unanunua nyingine. Kosa lote liko kwenye silinda uliyoinywesha mafuta ya taa.

Hata kasi yenyewe ina kikomo cha faida. Kijirisasi cha kawaida kina kiuno chembamba na sketi nyuma, na umbo hilo linapenda mwendo wa wastani. Kikikaribia kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, kinaanza kuyumba njiani. Ule mlio mkali unaowafurahisha vijana mara nyingi ndio unaotangaza kwamba kijirisasi hakitafika kilikotumwa.

Mwaka 1984, huko Los Angeles, bunduki ya upepo ya mita 10 iliingia katika michezo ya Olimpiki. Kijirisasi chake ni cha milimita 4.5, uzito wake nusu gramu na ushee, kasi yake ni kama mita 175 kwa sekunde. Nguvu yote hiyo ni jouli nane hivi, chini ya bunduki nyingi zinazofika mezani kwangu. Na alama ya kumi wanayoilenga ni kitone chenye upana wa nusu milimita. Bunduki zile zinakipata kitone hicho kwa sababu mlio wa sitini unatoka sawa na wa kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya kurekebisha bunduki ya upepo: kuifanya irudie ilichofanya. Ukinijia na swali la kazi hiyo tutakaa mpaka jioni.

Kazi inayolipa kuliko zote ni kitako. Kitako cha kiwandani kimechongwa kwa mwili wa mtu wa wastani wa nchi nyingine, nawe unakunja shingo kukifuata. Kila ukikunja tofauti, jicho linakaa tofauti, na kijirisasi kinakwenda tofauti. Chonga chako. Mimi napenda mninga kwa sababu ukishakauka hauchezi sana hata majira yakibadilika. Mtiki wa Mtibwa ni mzuri na unadumu, ila una mafuta yake ya asili, kwa hiyo gundi inashika kwa taabu. Mpingo waachie wachongaji: ni mzito, na unapokauka hupasuka usipotegemea. Ubao ukae kivulini mpaka ukauke kabisa kabla ya kuugusa kwa patasi. Kisha funga macho, egemeza shavu, fumbua. Kama jicho halioni katikati ya darubini bila kuinua shingo, rudi kwenye patasi.

Mengine nayasema kwa haraka. Kabla ya kununua bunduki yoyote, au kurithi kama mzee wetu, pita polisi uulize kibali. Kaza skrubu za kitako kwanza, nusu ya magonjwa yanaishia hapo. Safisha mtutu kwa kitambaa kikavu. Nunua aina nne au tano za vijirisasi, piga vitano vitano kwenye karatasi ya mita 20, na aina ambayo mtutu umeichagua ndiyo yako, hata kama ni ya bei ya chini. Springi ikichoka weka ya kiwango kilekile, usitafute kali zaidi. Grisi ipakwe kwenye springi, kidogo, isifike mbele ya pistoni. Bunduki mpya hutoa moshi kidogo mwanzoni kwa sababu ya grisi ya kiwandani, nao utaisha wenyewe. Usifyatue bila kijirisasi. Kifyatulio usikipige tupa, mletee anayejua. Ukiilinganisha darubini Kihonda, kisha ukapanda Morningside, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na alama itahama. Ilinganishe upya hukohuko. Nyuma ya karatasi pawe na kingo ya udongo, maana kijirisasi kikikosa kinaweza kwenda zaidi ya mita 200.

Wenye bunduki za mtungi, zinazojazwa hewa kabla, nanyi mna balaa lenu. Hewa ya mtungi si uvumbuzi wa leo: mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ambayo kitako chake ndicho kilichokuwa mtungi. Za sasa zinajazwa hadi bar 200 na zaidi, karibu mara mia ya tairi la bodaboda. Nimesikia wanaokwenda kujaziwa kwa mafundi wa kuchomelea, kwenye mtungi wa oksijeni. Oksijeni yenye mgandamizo huo ikikutana na tone la grisi inawaka bila kiberiti, na mtungi uko ubavuni mwa shavu lako. Tumia pampu ya mkono au kompresa ya hewa kavu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama huna, subiri.

Yule mzee wa Kinole alitaka nguvu kwa ajili ya ngedere wanaomaliza ndizi zake. Nimemkatalia. Bunduki hii itamjeruhi ngedere, naye atakwenda kufia kichakani siku ya tatu. Uwindaji unataka leseni kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na msitu ulio juu ya mashamba ya Kinole ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Humo anaishi Malaconotus alius, ndege wa kijani na manjano mwenye kofia nyeusi, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa milima ya Uluguru, nami sitaki kusikia kwamba amepigwa na bunduki iliyopita mikononi mwangu. Tumekubaliana apige karatasi. Nimembadilishia springi na sili. Bega lake la kulia halinyanyuki vizuri tangu alipoanguka kutoka kwenye mkarafuu, kwa hiyo kitako chake nitakipunguza sentimita mbili. Ubao wa mninga bado unakauka.